Maabara ya kompyuta ya shule msimu wa radi: mwongozo kamili kwa mwalimu msimamizi

Si lazima radi ipige shule yenu ndipo kompyuta ziungue. Ikipiga nguzo ya umeme mtaa wa pili, au ikishuka ardhini karibu na laini inayoleta umeme shuleni, volti hupanda ghafla ndani ya nyaya na kusafiri nazo hadi kwenye soketi za chumba cha kompyuta. Yote hayo huisha kabla mtu hajapepesa jicho, kwa hiyo mwalimu anayekimbilia plagi baada ya kusikia kishindo amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana karibu kila hatua iliyomo humu ni ya kabla: kabla ya msimu, kabla ya kipindi, kabla ya ngurumo ya kwanza. Radi ikishakaribia inabaki kazi moja tu, nayo ni watoto.

Nawaandikia walimu wa TEHAMA, na wale walimu wa hisabati au fizikia waliokabidhiwa funguo za maabara kwa kuwa hakuna mwingine, katika shule zinazolizunguka Ziwa Victoria: Kagera, Geita, Mwanza na Mara, na ng'ambo ya mpaka Kisii na Kakamega. Huku radi ni jambo la kila msimu. Wa kwingine watayatumia haya vilevile, wakibadilisha saa tu.

Jua saa za radi za kwenu

Mchana nchi kavu hupata joto, upepo wa ziwani huvuma kuelekea bara, na mawingu ya radi hujijenga alasiri. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa huteremka kuelekea ziwani na ngurumo hukusanyika juu ya maji. Kwa sababu hiyo Bukoba mvua hufika mara nyingi alfajiri au asubuhi ikitokea ziwani, ilhali vilima vya Kisii vinaipata zaidi alasiri.

Mwalimu wa taaluma anapopanga ratiba, mwambie hili. Shule ya Kisii iweke vipindi vya vitendo asubuhi, na masomo ya nadharia yaende alasiri. Shule ya Bukoba isianze vitendo kipindi cha kwanza wakati wa masika na vuli. Saa nne asubuhi ni salama zaidi. Kuhamisha kipindi hakugharimu senti, na sijaona kifaa cha dukani kinachokusaidia kiasi hicho bure.

Fuatilia pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mamlaka ikitoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wenu, siku hiyo usipange kazi ndefu kwenye mashine, kama vile kusakinisha programu mpya au kunakili diski nzima.

Njia tatu ambazo umeme wa radi huingilia

Ukizijua njia hizi, utajua nini cha kuchomoa.

Ya kwanza ni nyaya za umeme wa ukutani, na hii kila mtu anaijua. Ambayo wengi hawaijui ni kwamba kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Swichi nyingi hukata waya wa moto peke yake; nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) hubaki zimeungana na mashine. Hata huo waya wa moto, nafasi inayofunguka ndani ya swichi ni ya milimita chache, na volti za radi huiruka bila kusita. Breka ya kwenye meni, yaani boksi kuu la umeme wa jengo, ni vivyo hivyo. Kinga ni plagi iliyotoka kwenye soketi na kuwekwa mbali nayo.

Ya pili ni kebo za mtandao. Hii ndiyo inayoziua mashine ambazo mwalimu aliapa alizichomoa. Kompyuta imetolewa kwenye umeme, lakini kebo yake ya mtandao bado inaelekea kwenye swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha kompyuta), na swichi hiyo imeungwa na ruta (kifaa kinacholeta intaneti) iliyo ofisi ya mkuu wa shule, ambako hakuna aliyechomoa chochote. Umeme unaingilia ofisini na kutembea kwenye kebo hadi maabara. Hatari huwa kubwa zaidi kebo ya shaba inapotoka jengo moja kwenda jingine, iwe imening'inizwa hewani au imefukiwa.

Ya tatu ni kila waya unaotoka nje kwenda juu: kebo ya dishi, antena ya intaneti iliyofungwa kwenye mlingoti, nyaya za paneli za sola zilizo juu ya mabati. Paneli husahaulika sana, kwa kuwa watu hudhani umeme wa sola hauna uhusiano na radi. Nyaya zake zimelala juu ya paa, mahali pa wazi kuliko pote shuleni.

Kuhusu vifaa vinavyouzwa madukani, niseme wazi kwa sababu shule hupoteza fedha hapa. Friji gadi na stabilaiza ni vitu vizuri kwa umeme mdogo na umeme unaopanda na kushuka. Radi haviiwezi, kwa kuwa hufanya kazi polepole mno mbele ya tukio la sehemu ndogo sana ya sekunde. UPS, kisanduku chenye betri kinachokaa kati ya soketi na kompyuta, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu umeme unapokatika, na hiyo ni faida kubwa, lakini nayo si ngao ya radi. Extension yenye taa nyekundu si seji protekta kwa sababu tu ina taa. Seji protekta ya kweli imeandikwa kwamba inazuia umeme wa ghafla, huhitaji ethi nzuri ili ifanye kazi, na huchoka: kila pigo hula sehemu yake, na siku moja inabaki extension ya kawaida.

Kazi za kabla ya msimu

Zifanye wakati wa kiangazi, na usingoje mvua za kwanza.

Anza na ethi. Tafuta fundi mwenye leseni, kwa Tanzania iwe imetolewa na EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), na umwombe apime ethi ya jengo kwa mita maalumu. Lenga ukinzani ulio chini ya ohm 10. Kiangazi ndicho kipindi cha kupima, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ethi inayofaulu wakati huo itafaulu mwaka mzima. Kabla fundi hajafika, zunguka jengo wewe mwenyewe uutazame waya wa ethi unaoshuka ukutani kwenda ardhini. Shaba huibwa. Shule inaweza kukaa muda mrefu ikiamini ina ethi, kumbe kilichobaki ni kipande kinachoning'inia.

Kama jengo lina mlingoti wa radi (fimbo ya chuma ya juu ya paa inayopokea radi na kuishusha ardhini), ethi yake na ethi ya umeme lazima ziunganishwe chini. Baadhi ya mafundi huzitenganisha wakidhani ndiyo usalama. Zikitengana, radi inapoushukia mlingoti kunakuwa na tofauti kubwa ya volti kati ya ethi hizo mbili, na umeme hutafuta njia ya kuziunganisha kupitia vifaa vyako.

Kisha zungumza na mkuu wa shule kuhusu seji protekta ya kwenye meni. Hii ni tofauti na ile ya kuchomeka. Hufungwa ndani ya boksi la breka. Jengo la kawaida hufungwa aina ya 2. Jengo lenye mlingoti wa radi, au linalopokea umeme kwa nyaya za hewani mahali penye radi nyingi, lihitaji aina ya 1 au ile inayounganisha 1 na 2. Simama karibu fundi anapoifunga, na uangalie jambo moja: nyaya zinazokiunga kifaa na breka na ethi ziwe fupi kadiri inavyowezekana, zisizidi nusu mita kwa jumla. Waya mrefu uliokunjwakunjwa kwa ajili ya kupendeza huondoa sehemu kubwa ya kinga. Vifaa vingi vya aina hii vina kidirisha cha rangi. Kijani kikigeuka kuwa chekundu, kifaa kimekwisha na kinatakiwa kubadilishwa. Mpe mtu jukumu la kukitazama kila mwezi.

Kebo ya shaba kati ya majengo iondoeni. Mbadala ni faiba, ambayo hupitisha mwanga na haina umeme wa kubeba, au antena mbili za waifai zinazotazamana. Kama fedha haipo mwaka huu, hakikisha kuna mahali pamoja, panapofikika bila ngazi, pa kuichomolea kebo hiyo pande zote mbili.

Malizia na jengo lenyewe. Panda darini au mtume fundi atazame mabati yaliyolegea, misumari iliyong'oka, na panya. Nyaya zilizotafunwa huleta shoti siku ya kwanza ya unyevu. Kata matawi yanayogusa paa au laini ya umeme. Safisha gata.

Panga chumba ili uchomoe kwa dakika mbili

Hapa ndipo maabara nyingi zinaposhindwa. Mwalimu anakubali kabisa kwamba plagi zichomolewe, ila chumba kina kompyuta 20, kila moja ina plagi ya monita na ya mashine, soketi ziko nyuma ya meza, na meza zimesukumwa ukutani. Hakuna atakayechomoa plagi 40 akiwa amepiga magoti huku wingu linatanda. Ataacha, na wewe ungeacha pia.

Panga upya hivi:

1. Gawanya mashine katika makundi ya nne nne. Kila kundi lipate extension moja imara yenye fyuzi, inayoingia kwenye soketi moja ya ukutani. Kompyuta ya mezani na monita yake bapa kwa kawaida hutumia wati 100 hadi 150, kwa hiyo nne hazifiki wati 600. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba karibu wati 3,000, hivyo hujaizidishia mzigo. Usichomeke extension ndani ya extension nyingine.

2. Soketi hizo tano ziwe mahali unapopafikia ukiwa umesimama. Kama ziko chini nyuma ya meza, fundi azihamishie juu ya usawa wa meza. Ni kazi ya siku moja.

3. Piga msumari au ndoano ubavuni mwa kila meza kwa ajili ya kuning'iniza plagi iliyochomolewa. Plagi inayolala sakafuni sentimita chache kutoka kwenye soketi haijawa mbali vya kutosha, na sakafu inaweza kulowa.

4. Swichi ya mtandao iwe ndani ya maabara, mahali pa wazi. Kebo inayotoka nje ya chumba ifungwe utepe mwekundu, ili hata mwalimu wa zamu asiyejua lolote la mtandao aambiwe, "Chomoa yenye utepe."

5. Inua mashine za sakafuni kwa mbao au matofali, sentimita 15 hivi. Maji huingia chini ya mlango kabla hujajua. Meza zisiwe chini ya maungio ya mabati, wala zisigusane na madirisha ya luva yasiyofunga vizuri.

Ukifanya haya, chumba cha kompyuta 20 kina plagi tano na kebo moja. Bandika kwenye mlango karatasi yenye orodha ya vitu hivyo sita pamoja na projekta, printa na chaja za laptopu. Mtu yeyote aliyeshika funguo ataweza.

Kwa shule zilizopokea mashine zilizotumika kutoka Marekani, kuna jambo la kukagua kabla ya yote: nyuma ya baadhi ya mashine za zamani, karibu na tundu la waya wa umeme, kuna kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Kiwe kwenye 230. Kikiwa kwenye 115, mashine itaungua siku ya kwanza bila radi yoyote, na wanafunzi wana vidole vyepesi, kwa hiyo ukishakiweka sawa kibandike gundi ya karatasi juu yake.

Usimamizi wa kila kipindi

Maabara yenye nidhamu siku za kawaida ndiyo itakayotulia siku ya dhoruba. Mwanafunzi awe na kiti chake na namba ya mashine yake muhula mzima. Anapoingia anasaini daftari na kuandika hali aliyoikuta: kibodi ina vitufe vyote, kipanya kinafanya kazi, mashine imewaka. Anapotoka anaandika tena. Daftari hili hupunguza uharibifu kuliko adhabu yoyote, na baada ya radi litakuambia ni mashine zipi zilikuwa nzima jana yake.

Maji na vyakula vibaki nje. Flashi zipitie kwenye mashine moja yenye kinga ya virusi kabla ya kwenda kwingine. Viatu vyenye tope viachwe mlangoni, lakini sakafu isiwe ya maji. Mwanafunzi asikae pekupeku kwenye saruji iliyolowa huku akigusa mashine.

Wafundishe kuhifadhi kazi kila baada ya dakika tano. Mtu aliyehifadhi kazi yake hang'ang'anii kiti unaposema tuzime. Mara moja kwa wiki nakili kazi zote kwenye diski ya nje, hasa miradi ya vidato vya mitihani, kisha diski hiyo ichomolewe na ikalale jengo jingine. Diski iliyobaki imechomekwa kwenye seva itaungua pamoja na seva.

Kila kundi la mashine nne lichague kiongozi wake. Fanyeni zoezi la dhoruba mwanzoni mwa muhula, jua likiwa linawaka, tena mlifanye mpaka liwe jepesi: mwalimu anasema "Hifadhi", kila mmoja anahifadhi, "Zima", kila mmoja anazima kwa utaratibu, si kwa kubonyeza kitufe, "Simama", wote wanasogeza viti ndani na kusogea katikati ya chumba. Kuchomoa ni kazi ya mwalimu na msaidizi mmoja mtu mzima. Shika plagi yenyewe, usivute waya, na mikono iwe mikavu.

Wingu likitanda

Mwanga wa radi huonekana papo hapo. Sauti yake husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Sekunde 30 ni kilomita 10. Ndani ya umbali huo pigo linalofuata linaweza kuangukia kwenu.

Ngurumo yenyewe haisikiki mbali sana. Ukiisikia hata kwa mbali, tayari uko jirani na dhoruba. Hivyo usingoje ngurumo ya kwanza kuanza kazi. Mambo yaende hivi:

*Anga imekuwa nyeusi upande mmoja, upepo umegeuka na kupoa, hujasikia kitu.* Tangaza "Hifadhi", kisha "Zima". Projekta izimwe kwanza kabisa, kwa sababu feni yake inahitaji kuendelea kupoza taa kabla ya kuchomolewa. Zima printa na seva. Chomoa zile plagi tano na uzitundike. Chomoa kebo yenye utepe. Chomoa UPS ukutani. Izime na yenyewe, maana itaanza kulia. Waya wa antena ya intaneti uondolewe kwenye ruta. Kama kuna sola, zima swichi inayotenganisha paneli na betri. Kipindi kiendelee kwa ubao na daftari.

*Umesikia ngurumo na hesabu imezidi sekunde 30.* Una dakika chache. Fanya yaleyale, ila wanafunzi waondoke kwenye mashine mara wanapozima, bila kumsubiri mwenzao.

*Hesabu imeshuka hadi 30 au chini yake.* Usiguse tena chochote. Mashine ambazo hazijachomolewa ziache zilivyo, hata kama zinawaka, hata kama ni mpya. Najua ugumu wa agizo hili kwa mwalimu aliyetia saini kupokea vifaa. Lakini mkono ulioshika plagi wakati radi inaingia kwenye nyaya ni sehemu ya njia ya umeme. Kompyuta hununuliwa.

Laptopu zina nafuu: zikitolewa kwenye chaja na kebo ya mtandao hazina njia ya umeme wa radi. Hata hivyo, mngurumo ukikaribia nazifunga. Darasa lenye mashine wazi huwa halisikilizi.

Dhoruba ikiwa juu ya shule

Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa shuleni. Jengo lisilo na kinga halimlindi mtoto kwa sababu tu lina paa. Baadaye shule hiyo ilifungiwa mfumo wa kinga ya radi, na hilo ndilo linalopaswa kudaiwa na kila bodi ya shule iliyoko kwenye ukanda huu, hata kabla ya kudai kompyuta zaidi.

Wakati wa dhoruba wanafunzi wakae katikati ya chumba, mbali na kuta zenye nyaya, grili za madirisha, milango ya chuma na mabomba. Wasiegemee. Wasisimame mlangoni kutazama mvua. Simu iliyochomekwa kwenye chaja isitumike. Isiyochomekwa haina tabu. Usimruhusu mtu kukimbilia bwenini wala kungoja chini ya mwembe wa uwanjani. Kama maabara yenyewe ni banda la mbao na mabati lisilo na ethi na kuna jengo imara la matofali lenye mfumo kamili wa nyaya za umeme, wahamishe mapema, wingu likiwa bado mbali. Katikati ya ngurumo umechelewa.

Nyumbani wengi wetu tulifundishwa kufunika vioo na kuficha nguo nyekundu radi inapolia. Wanafunzi watakuuliza, na wengine watakuambia radi hutumwa. Huhitaji kubishana na wazee wao. Waonyeshe waya wa ethi, waonyeshe plagi iliyotundikwa, waeleze njia ambayo umeme hupita. Mtoto atakayeelewa hapo atakwenda kuchomoa televisheni ya nyumbani kwao.

Mtu akipigwa, mwili wake haubaki na umeme. Mguse mara moja. Kama hapumui, mlaze chali na ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akipiga simu: 112 kwa dharura, 114 kwa Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania. Wengi wanaopigwa na radi hupona wakisaidiwa dakika za mwanzo. Kama waliopigwa ni wengi, anza na asiyepumua. Anayelia tayari anapumua.

Usiku, wikendi na likizo

Radi za usiku hazina mwalimu. Kanuni iwe moja, isiyo na mjadala: baada ya kipindi cha mwisho, au baada ya prepo kwa shule za bweni, hakuna plagi inayobaki ukutani. Mwalimu wa zamu anakagua orodha ya mlangoni na kusaini. Mlinzi asipewe kazi ya kuchomoa vifaa usiku wa manane katikati ya mvua.

Ruta na kamera za ulinzi, ambazo watu hupenda ziwake saa zote, ziwekeeni soketi yake yenye seji protekta na UPS ndogo, na zisiwe na kebo ya shaba inayofika kwenye kompyuta za wanafunzi usiku. Ukubali kwamba unazihatarisha.

Likizo ndefu, funika mashine kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Nailoni hufungia unyevu ndani. Mtu afungue chumba angalau mara moja kila wiki mbili kukagua paa.

Baada ya mvua

Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Pigo la mwisho mara nyingi hutoka kwenye wingu ambalo watu wanaliona limekwisha pita.

Kisha kagua kwa macho na pua kabla ya kuchomeka chochote: dari inayovuja, soketi yenye weusi, harufu ya plastiki iliyoungua. Ukikuta lolote kati ya haya, zima meni na umwite fundi.

Kama umeme ulikatika, usirudishe mashine mara umeme unaporudi. Huja ukiruka, unakatika tena, unarudi. Acha taa za chumba ziwake kwa dakika 10 bila kufifia. Ukiwa na kile kipima volti kidogo cha kuchomeka, soma: kati ya 207 na 253 ni sawa kwa umeme wa volti 230. Anza na mashine moja ambayo shule iko tayari kuipoteza. Ikikaa vizuri, washa kundi la kwanza, ngoja kidogo, kisha la pili. Kebo yenye utepe irudi mwisho.

Mashine iliyolowa haiwashwi ili kujaribu. Ifungue, itoe betri kama ni laptopu, iweke kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Jua kali hupinda plastiki.

Mashine isiyowaka

Usiitupe na usimruhusu mtu aseme imekufa kabla ya kuipitia kwa mpangilio huu. Badilisha fyuzi ya plagi. Jaribu waya mwingine wa umeme. Kisha badilisha pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme) kwa moja unayojua ni nzima. Mara nyingi ndiyo iliyopokea pigo, na ni kipuri kinachopatikana kwa mafundi wa mjini kutoka mashine chakavu. Ikigoma bado, huenda mazabodi (bodi kuu ya mashine) imeungua, lakini toa diski ngumu uifunge kwenye mashine nyingine. Kazi za wanafunzi huwa zimo. RAM, yaani kadi ya kumbukumbu, nayo huenda ikafaa kwingine.

Mashine inayowaka vizuri ila haipati mtandao huenda imeungua tundu la mtandao peke yake, na hiyo ni alama kwamba umeme uliingilia kwenye kebo. Kiunganishi kidogo cha USB kitairudisha kazini. Wakati huohuo chunguza ni kebo gani haikuchomolewa, na mwisho wake wa pili uko ofisi ya nani.

Andika yote siku hiyohiyo: tarehe, saa, namba za mashine, kilichoungua, kilichokuwa kimechomekwa na ambacho hakikuchomekwa. Piga picha za soketi zenye weusi. Nakala moja iende kwa mkuu wa shule, nyingine ibaki ndani ya daftari la maabara. Mashine zilizoungua zikiwa zote za kundi moja, soketi ya kundi hilo au nyaya zake zina tatizo, na fundi aanzie hapo.